Betri ya chensoo haihitaji kuisha kabisa

Wengi bado wanaamini betri ya chensoo lazima iishe kabisa ndipo ichajiwe, na ikihifadhiwa iwe imejaa pomoni. Hilo la kwanza lilitokana na betri za zamani za nikeli na kadimi. Za sasa ni za lithiamu, na kuzimaliza hadi sifuri ndiko kunakoziua: volti zikishuka mno, chaja huikataa betri.

Kama msumeno utakaa mwezi au zaidi, acha chaji kati ya asilimia 40 na 60; kwenye betri yenye taa nne, ziwake mbili. Kisha ichomoe betri kwenye msumeno. Joto la Dar, hasa Januari na Februari kwenye stoo ya bati, huizeesha upesi, na ikiwa imejaa ndiyo mbaya zaidi. Iweke ndani, pakavu. Ikitoka kazini ya moto, ipoe kwanza ndipo uichaji.

Betri itoke pia kabla hujagusa mnyororo, hata kama ni kuukaza tu. Futa unga wa mbao, upake oili. Hewa ya chumvi ya Kigamboni haichelewi kuutia kutu. Tangi la oili limwage, la sivyo utakuta dimbwi sakafuni (si lazima mashine iwe mbovu, nyingi huvuja zikilala).