Geji tatu, jiji moja: kinachobana treni za mjini Dar es Salaam

Treni ya mjini ilipoanza Dar es Salaam Oktoba 2012, ile ambayo wananchi waliibatiza treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilitumia reli mbili zisizoweza kuazimana hata behewa moja. Huku ilikuwa Reli ya Kati, Stesheni hadi Ubungo Maziwa. Kule TAZARA, kuelekea Mwakanga. Tangu 2024 ipo ya tatu, SGR, reli mpya ya umeme. Kila mjadala wa usafiri wa jiji ukianza, utasikia kwamba yaongezwe mabehewa. Mabehewa yanahitajika, sikatai, lakini hayo siyo yanayobana.

Kwanza vipimo vya geji, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli. Geji ya Reli ya Kati ni milimita 1000, ya TAZARA 1067, ya SGR 1435. Wengi huuliza kwa nini tusiongeze chuma cha tatu juu ya mataruma yale yale, vile vipande vya chini vinavyobeba vyuma, ili treni za aina mbili zipite njia moja. Kwa 1000 na 1435 hilo linawezekana, maana kati ya chuma na chuma inabaki nafasi ya milimita 435. Kwa 1000 na 1067 nafasi ni milimita 67 tu, na kitako cha chuma cha reli peke yake kina upana unaozidi milimita 100. Vyuma viwili havikai hapo, achilia mbali vifungio vyake. Ingebidi kutandika vyuma vinne, mataruma mapya na swichi, mitambo ya kubadilishia njia, za kuchosha kuzitunza. Ndiyo maana Kidatu, ambako Reli ya Kati na TAZARA zinakutana, kilifunguliwa kituo cha kuhamisha mizigo kutoka behewa hadi behewa mwaka 1998. Abiria hana haja ya kuhamishwa hivyo, anashuka na kutembea. Kazi ya mpangaji ni kumfupishia hiyo safari ya miguu, na nitaifikia.

Kinachoamua idadi ya treni kwa saa ni njia moja inayotumika kwenda na kurudi. Chukua kipande cha kilomita 10 kati ya njia mbili za kupishania, zile za pembeni ambako treni moja husubiri nyingine ipite. Kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa, vituo vikiwemo, treni inakimaliza kwa dakika 20. Weka dakika 3 za kupanga swichi na kutoa kibali, kwani dereva haingii kipande hicho mpaka ahakikishiwe ni kitupu. Jumla 23. Treni ya kurudi nayo inakula 23. Kwa hiyo upande mmoja unapata treni moja kila dakika 46, na ukinunua nyingine kumi zitapanga foleni stesheni.

Jenga njia ya kupishania katikati, kila nusu inakuwa dakika 13 na mzunguko unashuka hadi 26. Lakini hiyo katikati ipimwe kwa dakika, si kwa kilomita. Nusu moja ikiwa na vituo vingi au mpando, yenyewe ndiyo itakayoamuru ratiba nzima, hata kama nyingine inapitika kwa dakika saba. Urefu wa njia ya kupishania nao una hesabu yake. Mabehewa 10 ya mita 20 pamoja na kichwa ni mita 220. Ongeza nafasi ya usalama kila mwisho na ya kufungia breki, usishuke chini ya mita 300. Kosa linalogharimu sana ni kujenga fupi kwa treni ya leo. Kesho yakiongezwa mabehewa mawili, mkia unabaki juu ya swichi na treni ya pili haipiti.

Masika yanaivuruga hesabu hiyo yote. Kokoto zikijaa tope maji hayatoki, mataruma yanacheza, na mwendo unashushwa kwa usalama. Ukishuka kutoka 30 hadi 15, zile dakika 20 zinakuwa 40. Kusafisha mitaro na kuchekecha kokoto kunaongeza safari nyingi kuliko kununua kichwa kipya.

Halafu kuna kugeuza. Treni inayovutwa na kichwa kimoja ikifika mwisho wa safari, kichwa kinafunguliwa kiungio na bomba la breki, kinasogea mbele, kinarudi kwa njia ya pembeni, kinaunganishwa upande wa pili, breki zinajaribiwa. Ni robo saa mambo yakienda vizuri, na jukwaa likiwa moja hakuna treni nyingine inayoingia. Treni yenye chumba cha dereva kila upande inafuta kazi hiyo yote: dereva anatembea hadi upande wa pili. Kenya ilinunua seti 11 za dizeli za namna hiyo, zilizokwisha kutumika Mallorca, Uhispania, zikawasili Nairobi 2020. Geji yake ni 1000, sawa na Reli ya Kati. Mchongoko, treni ya umeme ya SGR, nao una vyumba viwili vya dereva, ila unataka umeme wa kilovolti 25 na geji yake yenyewe, Ubungo haufiki.

Makutano na barabara nayo yana kikomo. Treni 12 kwa saa, pande zote mbili pamoja, kila moja ikifunga geti dakika 2, barabara imefungwa dakika 24 katika kila saa. SGR ilikwepa hilo kwa kupanda juu ya daraja refu kutoka stesheni yake. Kwa Reli ya Kati, nisingeongeza treni za asubuhi kabla ya kutenganisha reli na barabara pale Kamata na Buguruni.

Sasa kuunganisha. Ubungo ilikuwa na maana zaidi kabla mabasi ya mikoani hayajahamia Mbezi 2021, ingawa mwendokasi wa Barabara ya Morogoro bado unaipa abiria. Stesheni ya TAZARA ipo makutano ya Nyerere na Mandela, pazuri kwa mabasi. Mimi ningeanza na Pugu, kwa kuwa SGR na Reli ya Kati zote zinapita huko, na anayetoka Morogoro kwenda Gongo la Mboto hana sababu ya kufikishwa katikati ya jiji ndipo arudi.

Iwepo njia ya miguu yenye paa, isiyozidi mita 300, na palipo na ngazi pawe na mteremko wa mizigo. Treni ya mjini iondoke dakika 12 hadi 15 baada ya SGR kufika. Pungufu ya hapo, wenye mabegi na watoto wanaachwa; ikizidi, wote wako kwenye bodaboda. SGR ikichelewa, treni ya mjini isubiri dakika 5, basi. Zaidi ya hizo inachelewesha ile inayoisubiri kwenye njia ya kupishania, nayo inachelewesha inayofuata, na ucheleweshaji uliotokea saa moja asubuhi utakuwa bado unaonekana saa nne.