Mchina asiyesoma Kichina anapotafuta kazi China: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tulikuwa benki, Guangzhou, tumekwenda kufungua akaunti. Rafiki yangu kazaliwa Medan, Indonesia, mjukuu wa watu waliohama kutoka Fujian, jimbo la China. Mimi Mtanzania, nilikuwa nimeshamaliza mwaka wangu wa kusoma lugha. Karani alinihudumia kwa subira, ananionyesha kwa kidole kila mahali pa kujaza. Rafiki yangu alisukumiwa fomu na kalamu, basi. Akanigeukia akaninong'oneza: "Hapa wameandika nini?" Nikaanza kumsomea. Karani akainua macho, akatutazama wote wawili, kisha akamuuliza yeye kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Kwani wewe si Mchina?"

Fedheha niliyoiona usoni mwake siku ile sijaisahau. Alipomaliza shahada yake ya uzamili, aliyoisoma kwa Kiingereza, akaanza kutafuta kazi humo humo China, na kila aliyekutana naye akawa na ushauri wa kumpa. Mwingi ulikuwa wa kupotosha. Vijana wa Kichina waliozaliwa Jakarta, Manila, Toronto au Paris bado wanaambiwa hayo hayo.

"Damu yake ni ya Kichina, vibali havitamsumbua"

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu linaweza kumfikisha mtu polisi. Sheria ya uraia ya China ya mwaka 1980 haitambui uraia wa nchi mbili. Mchina aliyehamia nje akachukua uraia wa huko hupoteza ule wa China papo hapo, na mtoto wa wazazi waliolowea nje, akipata uraia wa kigeni tangu kuzaliwa, hahesabiwi kuwa raia wa China. Kichina chenyewe kina maneno mawili hapa: *huaqiao* ni raia wa China anayeishi nje, na *huayi* ni mtu wa asili ya Kichina mwenye uraia wa nchi nyingine. Rafiki yangu ni *huayi*. Mbele ya afisa wa uhamiaji, yeye na mimi tulikuwa sawa kabisa: wageni.

Kwa hiyo anahitaji kila ninachohitaji mimi: mwajiri anayeruhusiwa kuajiri wageni, kibali cha kazi, viza ya Z, yaani ya kazi, na akishaingia nchini aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Kwa kawaida hutakiwa shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili. Utaratibu wa 2017 ulifungua mlango mdogo kwa wageni wasio na uzoefu huo wanaohitimu uzamili katika vyuo vya China, nao ndio aliopitia yeye. Viza ya kutembelea ndugu hairuhusu kazi, hata kama ndugu mwenyewe ndiye mwenye kampuni. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa mahabusu kati ya siku 5 na 15.

"Sura itambeba"

Mimi nikisema "nihao" tu, mwenye duka ananishangilia. Yeye akikosea toni moja, yaani kupanda au kushuka kwa sauti ya neno, anaulizwa alilelewa wapi. Pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambao wafanyabiashara wengi wa Afrika wanaujua, nimeona watu wa kwetu wakijadili bei kwa Kichina safi cha sokoni, wakitumiana sauti kwa WeChat na wenye viwanda, na herufi moja hawaijui. Wanaheshimiwa kwa hilo. Rafiki yangu alijua Kichina kuwazidi, akaonekana ana kasoro. Sura inamwongezea mwajiri matarajio, na matarajio hayo yeye ndiye anayeyalipia.

Kwenye kufundisha Kiingereza mambo huwa magumu zaidi. Wapo wakuu wa shule za binafsi wanaotaka uso wa Kizungu ili wazazi waridhike, hata kama mwombaji wa asili ya Kichina kakulia California na Kiingereza ndiyo lugha anayoijua kuliko zote. Huo ni ubaguzi, na ni vizuri mtu aujue kabla haujamkuta, asije akadhani kakosea yeye.

"Asiyesoma hajui Kichina"

Hapa naomba msomaji wa Kiswahili avute subira, maana lugha yetu inatudanganya. Mtoto wa kwetu akishajua silabi, anasoma neno lolote analoweza kulitamka, na kuliandika pia. Kwa Kichina, kusema, kusoma, kuchapa kwenye simu na kuandika kwa mkono ni kazi nne tofauti, na mtu anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. Kusoma gazeti bila shida kunataka herufi elfu kadhaa, kila moja ikariri peke yake.

Tangu 1958 China ina pinyin, yaani matamshi ya Kichina yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kwenye simu unachapa *lin*, orodha ya herufi inajitokeza, unagusa unayoitaka. Anayetambua herufi akiiona, hata kama hawezi kuichora, anaandika barua pepe kamili. Wachina wenyewe waliosoma mpaka chuo kikuu hushika kalamu wakakuta herufi imewatoka kichwani. Wana msemo wa jambo hilo, *tibi wangzi*. Kwenye ofisi za leo, kuandika kwa mkono ni kwa nadra. Hata HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ukiufanya kwa kompyuta, unachapa. Kwa orodha iliyotumika tangu 2010, daraja la 4 ni maneno 1,200 na la 5 ni 2,500. Anayesikia lugha tangu utoto hukimbia njia hiyo haraka kuliko mimi niliyeanza sifuri.

Ila azingatie ni Kichina kipi alichosikia. Kwao Medan wanaongea Kihokkien, Kichina cha kusini mwa Fujian, na mzungumzaji wa Kihokkien haelewani hivi hivi na mzungumzaji wa Kimandarini, lugha rasmi ya China. Kikantoni, cha Guangzhou na Hong Kong, nacho ni vivyo hivyo. Wengi wanaosema "naongea Kichina" wanamaanisha lugha ya jikoni kwa bibi, na kwenye usaili wanakutana na lugha nyingine.

"Wazazi wake walizembea"

Mwaka 1966 shule za Kichina Indonesia zilifungwa. Mwaka 1967 amri ya Rais Suharto ikazuia mila na sherehe za Kichina kufanywa hadharani, na maandishi ya Kichina nayo yakabanwa. Amri hiyo ilifutwa mwaka 2000, chini ya Rais Abdurrahman Wahid. Hesabu mwenyewe vizazi vilivyopita katikati. Malaysia, ng'ambo tu ya mlango wa bahari, shule za msingi za Kichina ziliendelea, na watoto wa huko wanasoma vizuri. Anayemcheka kijana wa Medan anamcheka kwa jambo lililoamuliwa na serikali kabla hajazaliwa.

"Bila kusoma, hakuna kazi"

Zipo ambazo kweli hazimfai: sheria, uhasibu, utumishi, chochote kinacholala kwenye nyaraka. Zipo nyingine ambazo yeye anawashinda wenyeji, hasa mauzo ya nje na huduma kwa wateja wa nchi aliyotoka. Halafu China bara si mahali pekee. Singapore ofisi zinaendeshwa kwa Kiingereza. Hong Kong ina mpango ulioanza 2015 kwa watoto wa wakaazi wake wa kudumu waliozaliwa nje, wenye umri wa miaka 18 hadi 40: hawatakiwi kuwa na ofa ya kazi kwanza, na Kiingereza kizuri kinatosha kwa sharti la lugha. Anayewaza Taiwan ajue tu kwamba kule na Hong Kong wanatumia herufi za zamani, zisizorahisishwa.

"Afiche kwamba hasomi, simu itamtafsiria"

Simu inatafsiri ujumbe, hilo kweli. Lakini waajiri wengi siku hizi huanza kwa kuchati kwenye programu kama BOSS Zhipin, wanataka jibu upesi, na tafsiri ya mashine inajulikana. Bora CV iseme wazi: nazungumza vizuri, nasoma kiasi, nachapa kwa pinyin. Neno "fasaha" peke yake litamwadhiri siku ya kwanza.

Mkataba asiuachie simu hata siku moja. Unapoandikwa kwa lugha mbili, mara nyingi kuna kifungu kinachosema nakala ya Kichina ndiyo yenye nguvu. Atafute mtu amsomee mstari kwa mstari, hasa penye herufi 试用期, muda wa majaribio. Sheria ya mikataba ya kazi ya 2008 inaweka ukomo: mkataba wa mwaka mmoja hadi usiofika mitatu, majaribio yasizidi miezi miwili, wa miaka mitatu na kuendelea, miezi sita. Na mkataba wa maandishi uwe tayari ndani ya mwezi mmoja wa kuanza kazi.

Rafiki yangu alipata kazi kwa msafirishaji wa samani. Kwenye usaili walimpa karatasi asome kwa sauti. Akawaambia, "Hii siwezi kuisoma. Nisomeeni, nitajibu." Wakamsomea, akajibu kwa Kimandarini, kisha wakampa simu aongee na mteja wa Surabaya, Indonesia, aliyekuwa akilalamikia mzigo. Mteja akatulia.

Baada ya hapo akaanza kujifunza herufi tano kila siku kutoka kwenye ankara. Ya kwanza kuiandika kwa mkono ilikuwa jina la ukoo wao. Akaipiga picha, akamtumia bibi yake Medan, aliyesoma shule ya Kichina kabla hazijafungwa. Bibi akajibu kwa sauti, kwa Kihokkien, na rafiki yangu akanitafsiria huku akifuta macho: mstari wa mwisho umeuanzia chini, mjukuu wangu, anzia juu.