Jenereta ya kuchomelea kwa kazi za mbali na umeme: dhana potofu na ukweli wake

Anayenunua mashine ya kuchomelea yenye injini yake huvutwa kwanza na namba kubwa iliyobandikwa ubavuni: 200A, 250A, 300A. Pa kuanzia ni rodi. Ukijua rodi nene kuliko zote utakazochoma kila siku, umejua ampea. Ukijua kebo itafika umbali gani, umejua volti. Ampea na volti hizo ndizo zinazokwambia injini iwe na nguvu kiasi gani. Makosa mengi yanayofuata hapa hutokana na kuanzia upande wa pili, kwenye injini.

Dhana: Ikiandikwa 200A, inachoma kwa 200A kutwa nzima.

Karibu na hiyo 200A kuna asilimia iliyoandikwa kwa maandishi madogo. Inahesabiwa ndani ya dakika 10. "200A, 30%" maana yake uchome dakika 3, kisha uiache ipoe dakika 7 huku injini ikizunguka ili feni ifanye kazi. Ukipitiliza, swichi ya joto inakata. Kwenye mashine isiyo na swichi hiyo, vanishi ya koili inaungua kidogo kidogo mpaka siku koili inapopiga shoti.

Afueni ni kwamba ukishusha ampea, asilimia hupanda haraka, maana joto la koili hufuata mraba wa mkondo. Gawanya ampea za lebo kwa ampea zako, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa asilimia ya lebo. Chukua rodi ya 7018 (namba hiyo ni ya aina ya rodi) ya milimita 3.2 kwa 130A: 200 kwa 130 ni 1.54, mara yenyewe ni 2.37, mara 30% unapata kama 71%. Rodi hiyo huisha kwa dakika moja na ushei, halafu unagonga slagi, unapiga brashi, unabana nyingine. Mapumziko hayo yanaitosha mashine. Lakini atakayechoma rodi ya milimita 4.0 kwa 175A atabaki na 39% tu, na huyo anahitaji mashine kubwa zaidi.

Dhana: Kebo ni kebo, mashine ikiwa na nguvu, urefu hauna neno.

Hapa ndipo mashine nzuri huonekana mbovu. Fundi amepaki gari barabarani, kazi iko mita 40 bondeni, kwa hiyo umeme unasafiri mita 80 kwenda na kurudi. Kwa 130A, kebo ya shaba ya milimita 16 za mraba inapoteza kama volti 11 njiani. Ya milimita 35 inapoteza kama 5, na ya 50 kama 3.6. Arki yenyewe, yaani ule mwali wa umeme kati ya rodi na chuma, inataka volti 25 hivi. Kwa kebo nyembamba, basi, mashine inatakiwa kusukuma volti 36. Ikiwa lebo yake inasema 200A kwa volti 28, haina uhakika wa kuzifikisha pamoja na zile 130A, na rodi itaanza kunata na kuzimikazimika. Isitoshe, karibu kilowati moja na nusu ya injini inaishia kupasha kebo joto. Ukiiacha imejikunja roli chini ya jua, ganda lake linalainika.

Kwa kazi za mbali, nunua kebo ya milimita 35 kama rodi yako kubwa ni 3.2, na 50 kama unachoma 4.0. Kabla ya kulipa, toa uzi mmoja mwishoni mwa kebo na uukwangue kwa kisu. Juu mwekundu na ndani mweupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nayo hupoteza volti nyingi kuliko shaba ya unene uleule. Juu mweupe na ndani mwekundu ni shaba iliyopakwa bati. Hiyo ni salama. Klampu nayo ibane chuma kitupu, kilichotolewa rangi na kutu, karibu na mshono.

Dhana: Inveta ndogo na jenereta yoyote ya nyumbani hufanya kazi ileile.

Inveta hapa ni mashine ndogo ya kuchomelea ya kielektroniki, isiyo na injini, inayochomekwa kwenye jenereta. Zinaweza, kama hesabu imefanywa. Kwa 130A na volti 25, arki inakula wati 3,250. Inveta yenye ufanisi wa 85% inavuta wati 3,800 hivi kutoka kwenye jenereta. Inveta nyingi za bei ya chini zina kigezo cha nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) cha karibu 0.7, kwa hiyo mzigo unaoibebea jenereta ni kama 5.5 kVA (kilovolti-ampea). Ongeza nafasi ya ule mshtuko wa kuwasha arki na unahitaji jenereta ya 7 hadi 8 kVA za kudumu. Angalia neno hilo "za kudumu": namba kubwa kwenye boksi mara nyingi ni kilele ambacho jenereta inakistahimili kwa muda mfupi tu.

Jenereta ikiwa ndogo, kila ukigusa rodi injini inainama, volti zinaanguka, ukiinua rodi zinaruka juu. Kuruka huko ndiko kunakoua kapasita na transista za inveta. Wengi hulaumu inveta kwa kosa la jenereta. Ukichagua njia hii, tafuta inveta yenye kirekebishi cha kigezo cha nguvu na inayokubali volti za kupanda na kushuka, na washa inveta baada ya injini kutulia. Kwa kazi za mara moja moja au za TIG (kuchomelea kwa ncha ya tangsteni na gesi), mpangilio huu ni mzuri na mwepesi kubeba. Kwa anayechoma kila siku porini, mashine ya kuchomelea iliyojengwa pamoja na injini hustahimili vumbi na mtikisiko vizuri zaidi.

Dhana: AC au DC, arki ni arki.

Rodi ya 6010 haichomi kwa AC (umeme unaobadili mwelekeo). Inataka DC (umeme wa mwelekeo mmoja) na volti za kutosha za kuanzia. Ya 6011 na 6013 hukubali AC, na kuna 7018 zilizotengenezwa kwa ajili ya AC. Kama kazi yako ni mabomba au vyuma vya kubeba mzigo, usinunue mashine ya AC pekee. Na kama unataka kuchoma kwa waya, uliza kama mashine ina mpangilio wa volti thabiti. Mashine ya rodi pekee haiendeshi vizuri kilisha-waya cha kawaida.

Dhana: Ina kilowati 5 za soketi, basi nitachoma huku mwenzangu akikata kwa grenda.

Kilowati hizo na za arki hutoka kwenye injini moja. Kwenye 200A kwa volti 28 arki peke yake ni kilowati 5.6. Kitabu cha mashine huwa na jedwali la kiasi kinachobaki kwenye soketi kwa kila kiwango cha ampea; soma hilo kwanza. Grenda ya inchi 9 inakula wati 2,000 na zaidi, na inapowashwa inavuta mara kadhaa ya hizo. Mchomaji ataona arki ikitikisika wakati huohuo. Jambo jingine: kifaa cha kushusha spidi chenyewe injini isipokuwa na kazi hakitambui mzigo mdogo kama taa ya LED au chaja. Injini inabaki chini, na taa au chaja inapewa volti pungufu. Kizime kifaa hicho cha kushusha spidi unapotumia vitu vidogo.

Dhana: Injini ya kilowati 10 ni kilowati 10 popote.

Injini isiyo na tabo hupoteza takriban 1% kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwenye mita 1,800 umebakiwa na kama 8.2, na joto kali linapunguza tena. Kabureta pia huanza kumwaga petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi nyeusi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi.

Dhana: Dizeli ni bora siku zote.

Dizeli hula lita 0.25 hadi 0.35 kwa kila kilowati-saa, petroli ndogo kama 0.4 hadi 0.5. Lakini mashine ya petroli ya 200A inabebwa na watu wawili hadi wanne, ya dizeli inataka trela au winchi. Dizeli inayozungushwa saa nyingi bila mzigo hujaa masizi na mafuta mabichi kwenye bomba la moshi. Kama unachoma rodi tano kwa siku, petroli inakutosha.

Dhana: Ukifungua mlango, moshi unatoka.

Hapana, na hili linaua. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mlango wazi hautoshi, na kwenye mtaro au tangi ni mbaya zaidi. Injini ikae nje kabisa, upande upepo unakoelekea, kebo ndiyo iende kazini. Hii ni sababu nyingine ya kununua kebo nene.

Dhana: Isipotumika, haiharibiki.

Petroli iliyokaa wiki kadhaa inaacha gundi kwenye jeti. Funga koki ya mafuta na uiache injini ijizimie yenyewe. Oili ya kwanza ya injini nyingi ndogo za petroli hubadilishwa baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Jenereta iliyolala miezi mingi inaweza pia kupoteza sumaku iliyobaki kwenye chuma chake: injini inazunguka vizuri, soketi haina volti. Kila mwezi iwashe nusu saa, na uipe mzigo, hata kama ni hita ya wati 1,000.