Lifti isiyo na breki hupanda

"Fundi, umeme si umekatika? Sasa mbona tunapanda?"

Sauti ilipenya kwenye matundu ya kamba, sakafuni mwa chumba cha mashine. Ni mama mmoja aliyekwama na binti yake kati ya ghorofa ya tano na ya sita, jengo moja la Kariakoo, wakiwa na shangazi kaja lililojaa vitenge. Mimi nilikuwa juu na tochi mdomoni, mkono kwenye mkono wa breki. Nafungua kidogo, nafunga. Nafungua, nafunga. Macho yangu yalikuwa kwenye alama ya rangi ya njano tuliyopaka kwenye kamba, ile inayoonyesha kabini imefika usawa wa ghorofa.

Nilimwambia, "Mama, kaeni mbali na mlango, nitakueleza mkitoka." Walipotoka alikuwa na mteja wake anamsubiri, hakutaka maelezo ya fundi. Basi nayaandika hapa.

Watu wengi huichukulia lifti kama ndoo kisimani: kamba ikilegea, chini. Lakini lifti nyingi za maghorofa zimejengwa kama mizani. Kamba za chuma zinapita juu ya puli yenye mifereji. Upande mmoja kuna kabini, upande wa pili kuna rundo la vyuma au zege la kusawazisha. Tuchukue lifti ya watu 8, ambayo hupimwa kilo 630. Tuseme kabini tupu ina kilo 900. Upande wa pili tunaweka zile 900, tunaongeza karibu nusu ya mzigo wa abiria, 315. Jumla kilo 1,215. Wakiingia watu wanne hivi, pande zote zinakaribia kulingana, na mota inabaki na kazi ya kuvuta tofauti tu. Yule mama na binti yake pamoja na vitenge hawakufika kilo 315. Nilipoachia breki, upande mzito ukashuka, wao wakapanda. Mashine ile haina gia ya kuizuia, ndiyo maana nilikuwa nafungua kwa vipande vipande. Ukiiachia moja kwa moja inashika kasi.

Na breki yenyewe haifungwi na umeme. Inafungwa na springi. Kazi ya umeme ni kuifungua. TANESCO wakikata, springi inabana. Kukwama kwenu ndiyo breki inavyotakiwa kufanya.

Wazo hili la kusimamisha kwanza ndilo lililoizaa lifti ya abiria. Vyombo vya kupandishia mizigo vilikuwepo zamani sana, ila hakuna mwenye akili timamu aliyependa kupanda humo. Elisha Otis, fundi wa kiwanda cha vitanda huko Yonkers, karibu na New York, alifunga springi ya mkokoteni juu ya jukwaa la mizigo. Kamba ikivuta, springi inapinda. Kamba ikikatika, springi inanyooka na ncha zake zinanasa kwenye meno yaliyo pembeni mwa njia. Mwaka 1854, kwenye maonyesho ya Crystal Palace ya New York, alisimama juu ya jukwaa mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashtuka kidogo, likasimama. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria, iliyoendeshwa kwa mvuke, ilianza kazi kwenye duka la Haughwout, jengo la ghorofa tano pale Broadway. Umeme ulikuja baadaye. Werner von Siemens alionyesha lifti ya umeme Mannheim, Ujerumani, mwaka 1880.

Siku hizi hatungoji kamba ikatike. Kuna gavana, ukoo mmoja na ile spidi gavana inayowasumbua madereva wa matatu: gurudumu lenye kamba yake nyembamba iliyofungwa kwenye kabini. Mwendo ukizidi kipimo, vipande vyake vinatanuka, gurudumu linakwama, ile kamba inavuta mkono ulio kwenye kabini, na kabari zinauma reli, vile vyuma vya pembeni vinavyoiongoza kabini. Kamba kuu nazo, zikiwa tatu au zaidi, kanuni ya Ulaya ya EN 81 inataka ziweze kubeba mara 12 ya uzito zinaoubeba. Ndege ya kijeshi B-25 ilipogonga jengo la Empire State, New York, kwenye ukungu, tarehe 28 Julai 1945, ilizikata kamba za lifti ya mhudumu Betty Lou Oliver, na ya gavana pia. Kabini ilianguka ghorofa 75. Dada yule alipona, na inaelezwa kwamba kamba zilizorundikana chini ya shimo zilimpunguzia kishindo.

Kabari za zamani zilikuwa zinazuia kushuka tu. Hatari ya kupanda kwa kasi hadi kugonga juu ilichelewa kupewa uzito. EN 81 ilianza kudai kinga yake katika toleo la mwaka 1998. Nikikagua jengo la zamani, hilo ndilo swali langu la kwanza, na wenye majengo hunishangaa kama yule mama.

Ila kama unataka kitu cha kuogopa, ogopa mlango. Komeo la mlango wa ghorofani linatakiwa liingie angalau milimita 7 kabla kabini haijaondoka, na swichi za milango yote zimeungwa mfululizo: moja ikiachia, lifti haiendi. Mwaka juzi niliitwa kwenye jengo ambalo lifti ilikuwa "inafanya kazi vizuri, ina kelele tu." Nikafungua kabati la umeme, nikakuta kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, kimeruka saketi nzima ya milango. Jampa. Kuna mtu alichoka kutafuta swichi mbovu, akaidanganya mashine na kwenda zake.

Nikaichomoa. Lifti ikagoma hapohapo, na msimamizi akapiga simu kulalamika kwamba nimemharibia. Nikapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa, nikisukuma kila mlango kwa kiganja. Wa nne ulifunguka.