Kisukari cha ukoo si hukumu

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba kisukari kikishaingia katika ukoo, kila mtoto ameandikiwa. Kwa hiyo, tunaambiwa, kuangalia mlo na kufanya mazoezi ni kujisumbua bure. Imani hii ina chembe ya ukweli, maana kisukari cha aina ya 2, kile kinachowapata watu wengi zaidi, kweli hufuata damu. Lakini kinachorithiwa ni uwezekano, si ugonjwa wenyewe. Mapacha wanaofanana wana jeni karibu zilezile, ila mara nyingine mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Na majaribio kwa watu waliokuwa katika hatari kubwa yalionyesha kuwa kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa kasi, kama dakika 150 kwa wiki, kulipunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Si wote waliokingika, na hilo lisemwe wazi. (Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, ni habari nyingine: huko jeni moja karibu huamua yote.)

Ukitaka kulipima dai la namna hii, hesabu jamaa wote, si wagonjwa pekee. Sisi huwakumbuka walioumwa tukawasahau wazima. Kisha kapime sukari, kwani mwanzoni kisukari mara nyingi hakina dalili.