Tahadhari ya Mvua Kubwa Mwanza: Ukisubiri Nyumbani, Subiri Ukijua

Kila msimu wa vuli malalamiko yanayotufikia sisi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kutoka kwa wakazi wa Mwanza ni yale yale. Mlitangaza mvua kubwa, tukafunga biashara mapema, tukakaa ndani tunasubiri, mpaka tunalala hata tone hatukuliona. Alfajiri inanyesha, na mtu huyo huyo analalamika kuwa imekuja bila taarifa. Taarifa ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuisoma mpaka mwisho.

Utabiri wetu wa saa 24 kwa kawaida huanzia saa 3 usiku. Kwa hiyo ukisikia tahadhari jioni, ujue inazungumzia usiku unaoingia na mchana wa kesho, na kwa anayeishi kando ya Ziwa Victoria usiku ndio wa kuangaliwa zaidi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani na mawingu ya radi hujijenga bara. Usiku hugeuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote za mwambao kuelekea ziwani, unakutana huko na kusukuma hewa yenye unyevu juu. Ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 68,000 linatosha kuzaa dhoruba zake lenyewe, na dhoruba hizo hupamba moto kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Kutoka nje saa 2 usiku, kuona nyota juu ya Capri Point na kuamua kuwa tumekosea, si kipimo.

Halafu kuna suala la eneo. Tahadhari hutaja mkoa. Wingu linaloonekana kwenye rada yetu ya Kiseke linaweza kumwaga maji Ilemela na kuacha vumbi Nyamagana. Kwa vigezo vyetu, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na hapa Mwanza si lazima mvua idondoke juu ya bati lako ndipo ikudhuru. Maji yanayoangukia miamba ya Bugando na Isamilo hayana udongo wa kutosha wa kuyanywa. Yanateremka yote kwa wakati mmoja kwenda Mabatini na Mto Mirongo. Mama wa Mabatini anaweza kukuta maji yamefika kwenye godoro huku uwanja wake haujapata mvua ya maana. Huyo ndiye ninayemwandikia zaidi.

Kuhusu rangi, naomba tuelewane. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya rangi kuna mambo mawili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na kila kimoja kinaandikwa kama ni kidogo, cha wastani au kikubwa. Hayo ni mawili, hayasomwi kama moja. Uwezekano ukiwa mdogo na athari ikiwa kubwa, maana yake huenda isije, lakini ikija itabomoa. Anayesema "ni njano tu" hajasoma mistari hiyo miwili.

Saa za kusubiri ni saa za kazi. Zibua mtaro wa mbele ya nyumba, panga na jirani wa juu mlimani watoto watalala wapi maji yakipanda, pandisha vyeti na unga mahali pa juu. Wenye dagaa walioanikwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, waanue jioni, wasingoje ngurumo. Najua hasara ya dagaa nusu kavu, lakini dagaa walioloa usiku kucha ni hasara kubwa zaidi. Wapo pia wanaoisubiri mvua ili wamwage taka mtaroni au watapishe vyoo. Hili halivumiliki. Kinachotoka kwenye choo chako kinaishia kwenye kisima cha mwenzako na ziwani tunakochota maji, na ndiyo njia ya kipindupindu.

Radi. Kufunika vioo kwa shuka na kuvua nguo nyekundu hakuzuii chochote, na kumtafuta mchawi baada ya msiba ni kuongeza msiba wa pili. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa shule ya sekondari wilayani Bukombe, mkoani Geita. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa pungufu ya 30, ingia kwenye nyumba imara, usikae chini ya mwembe wala kwenye kibanda cha biashara, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Televisheni na friji vichomolewe kabla. Radi ikishaanza, usiguse waya.

Sauti zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp zikitaja "kimbunga kinachoingia Mwanza leo usiku" hazitoki kwetu. Sheria Na. 2 ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jukumu la kutoa tahadhari hizi. Anayesambaza mtandaoni taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma anaangukia kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kabla ya kubonyeza, angalia kurasa rasmi za Mamlaka.

Maji yakiingia ndani, au jiwe likisogea juu ya nyumba, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha mjulishe mwenyekiti wa mtaa ili taarifa ifike kamati ya maafa. Taja mtaa, saa yalipoanza, na maji yamefika wapi: kifundo, goti au kiuno. Tukipata maelezo ya namna hiyo tunaweza kuyalinganisha na tulichokiona kwenye rada usiku huo, na tahadhari inayofuata ikaandikwa vizuri zaidi kwa mtaa wako.