Sanamu za Wainuit: jiwe ndilo huamua umbo

Watu wengi huita kila sanamu ya Wainuit, wenyeji wa Aktiki ya Kanada, "jiwe la sabuni", kana kwamba ni lile lile linalochongwa Tabaka, Kisii. Jiwe la sabuni halisi lina talki nyingi, na ukucha hulikwaruza. Tangu zamani lilichongwa qulliq, taa ya mafuta ya sili, kwa kuwa huhimili moto. Lakini jiwe la kijani la Kinngait, kijiji kilicho kando ya Kisiwa cha Baffin nchini Kanada, ni sapentini, jiwe gumu zaidi. Ukucha hauliwezi kabisa.

Ugumu huo huvumilia kiungo chembamba. Ndiyo maana mchongaji Pauta Saila wa Kinngait aliweza kumsimamisha dubu anayecheza kwa mguu mmoja. Mradi uzito ukae wima juu ya wayo. Kule Arviat, kijiji kingine cha Wainuit, jiwe ni la kijivu na halitaki urembo mdogomdogo, na mchongaji Lucy Tasseor Tutsweetok aliliacha karibu lilivyo, nyuso zikichomoza ukingoni tu.

Mawe huchimbwa kiangazi. Mkataba wa 1993 wa Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, unamruhusu Mwinuit kuchukua hadi yadi za ujazo 50 kwa mwaka kwenye ardhi ya serikali bila kibali. Baruti ni hasara: hutia nyufa zisizoonekana. Ligonge jiwe kwa nyundo. Jiwe zima hulia, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Kisha lilowanishe. Uso ukikauka, ufa hubaki mstari mweusi.

Umbo la kwanza hutolewa kwa shoka au grenda, halafu patasi, tupa, na msasa wa maji: namba 220, 400, hadi 600. Ukiruka namba, mikwaruzo hujitokeza myeupe kwenye jiwe lililong'arishwa. Mwisho jiwe hupashwa moto hadi nta ya nyuki iyeyuke juu yake, takriban nyuzi 63 za Selsiasi. Hapa haraka huvunja kazi ya wiki nzima, maana mkia wa sanamu ya mnyama hupata moto kabla ya kiwiliwili, na hukatikia pale pembamba panapoungana na panene.

Vumbi ni hatari kuliko patasi. Sapentini huweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Vaa yenye vichujio vya P100, vinavyonasa hata vumbi laini sana. Chonga nje, upepo ukipita ubavuni, kwani ukiwa mgongoni vumbi huzunguka na kurudi usoni. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake, wala zisikung'utwe.